Nilimwambia Mama Auma Nimeuliza

Makosa ni yangu. Naanza hapo kwa sababu najijua: nikianzia mbali nitafika mwisho kila mtu akiwa na kosa isipokuwa mimi.

Nilisema neno moja la uongo. Moja tu! Halikuwa tusi wala kiapo. Nilisema "nimeuliza" na sikuwa nimeuliza mtu yeyote. Kwa neno hilo rafiki yangu amezeekea kwenye chumba cha kupanga.

Jina langu sitaandika. Huku kwetu upande wa Kiptere wengi watanijua wakisoma, na wanijue. Mimi ni mama wa hapa, na wananiita Katibu. Ni mimi niliyekuwa nikiandika mambo ya kikundi chetu cha wakulima wa chai, kwa sababu nilifika kidato cha pili na mwandiko wangu unasomeka. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Laiti ningeikumbuka mapema!

Huyo rafiki nitamwita Mama Auma. Nilimwomba ruhusa kabla sijaandika. Alisema, "Andika. Lakini usinipe maneno ambayo sikusema." Nitajaribu.

Mama Auma alitoka kwao kando ya ziwa akiwa bibi arusi, akaja kuishi na mume wake kwenye laini, zile nyumba za safu ambazo kampuni ya chai huwapa wafanyakazi. Mume alikuwa kiwandani, yeye alichuma. Mume akafa. Baadaye kampuni ikaleta mashine za kuchuma, na kazi ya mkono ikaisha. Nyumba za laini ni za kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Alitoka na kitanda, sufuria na mtoto wake Auma, akapanga chumba Kiptere, akaanza kuchuma kibarua kwenye mashamba yetu sisi wadogo. Ndivyo tulivyojuana.

Siku moja tukiwa kwenye mistari ya chai nilimuuliza anataka nini maishani. Nilikuwa nauliza tu kupoteza wakati. Akanijibu bila kuinua kichwa.

"Nataka mlango ambao hakuna mtu anaweza kuniambia nitoke."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka zaidi.

Sasa, hicho kitu alichobuni. Wakati huo tulikuwa tumeanza kutumia makasi kuchuma, kwa sababu wachumaji walikuwa wachache. Makasi ni ya haraka lakini hayana adabu, yanakata jani changa na jani gumu pamoja. Ukifika kituo cha chai, karani anamwaga gunia lako kwenye meza, anakuangalia vile mtu huangalia mlevi, anasema, "Mama, hii peleka kwa ng'ombe." Aibu! Watu nyuma yako wanacheka huku wakifunika yao.

Mama Auma alikuwa akimchana Auma nywele. Aliniambia mwenyewe. Akaona vile chanuo linalaza nywele nzito chini na kuinua zile laini. Akachukua spoki za baiskeli, akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakafunga chanuo la chuma chini ya makasi. Ukilisukuma juu ya kichaka, linalaza majani magumu, machanga yanasimama, makasi yanakata yale yaliyosimama peke yake. Baadaye akaongeza springi ya stendi ya baiskeli, ili makasi yajifungue yenyewe na mkono usiume.

Karani wa kituo alimwaga gunia lake, akapekua, akapekua tena. "Hii umechuma na mkono?"

"Na chanuo," akasema Mama Auma.

Tukacheka mpaka machozi.

Kwenye maonyesho ya kilimo tulikutana na bwana mmoja wa ile ofisi ya Nairobi inayosajili uvumbuzi. Alitueleza kuhusu hataza, ama patenti vile watu wengi husema: ni haki ya mtu aliyebuni kitu kuzuia wengine wasikitengeneze kuuza bila ruhusa yake. Alisema haki hiyo ni ya miaka ishirini, halafu inaisha, na kitu kinakuwa cha kila mtu. Alisema pia kuna ada ya kila mwaka ya kuiweka hai. Hayo niliyasikia vizuri. Lile ambalo sikumuuliza ni hili: hiyo miaka ishirini inaanza kuhesabiwa siku gani?

Ona sasa! Swali dogo hivyo. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza.

Tulipeleka ombi kwa jina la Mama Auma, chanuo na springi ndani ya ombi moja. Jina langu halikuwa hapo. Mimi nilikuwa wa kuandika na kupokea barua kwa sanduku langu la posta. Na kabla hujafikiria vibaya, pesa yake sikula. Kila alichonipa cha kulipa ada nililipa. Saa zingine naona afadhali ningekula. Wizi watu wanauelewa. Mwizi anapigwa, anaomba msamaha, anarudisha. Mimi nitarudisha nini?

Miaka ikapita, maana ofisi ina foleni yake. Halafu wakaandika kwamba chanuo ni uvumbuzi mmoja na springi ni mwingine, na ombi moja linabeba uvumbuzi mmoja. Kwa hivyo tubakishe kimoja kwenye ombi la kwanza, na kile kingine tukigawanye kiwe ombi la pili, mradi tufanye hivyo kabla la kwanza halijapewa cheti.

Nikasoma hilo neno, kugawanya, na hapo ndipo nilipopotea.

Nikueleze vile mtu wa chai anafikiri. Kichaka cha chai kikikaa miaka mitatu, minne, kinapanda juu, kinachoka, jani linakuwa dogo. Basi unakipogoa. Unakata matawi yote, kinabaki kisiki kama mkono uliokatwa vidole, shamba linaonekana limekufa. Halafu kinachipuka upya. Na tangu siku hiyo hesabu inaanza upya. Afisa wa kilimo akija akuulize, "Hii ni ya mwaka gani?" humwambii mwaka ambao babu alipanda. Unamwambia, "Ni ya mwaka wa kwanza," yaani tangu kupogolewa. Kichaka kimemzika babu na baba, na bado sisi tunakiita cha mwaka wa kwanza.

Nimekua nikihesabu hivyo. Mama yangu alihesabu hivyo. Kwa hivyo nilipoona "gawanya" nikasema moyoni, ahaa! Hapa wanatuambia tupogoe. Springi ikikatwa kutoka kwa ombi la kwanza, itaanza miaka ishirini yake mipya. Na tukichelewa kuikata, itachelewa pia kuisha. Nikajiona nimegundua siri ambayo mawakili wanaficha.

Barua ilikuwa na mstari uliosema ombi la pili litachukua tarehe ya la kwanza. Niliusoma. Nikadhani ni kama vile mtoto huandikwa jina la babake ili ijulikane ametoka wapi. Niliuelewa vile nilivyotaka kuuelewa.

Wakati huo huo akaja Njoroge.

Njoroge ni fundi na mfanyabiashara wa Kedowa, ana karakana kando ya barabara, anatengeneza majembe, mikokoteni, pampu za kunyunyizia. Watu walikuwa wamemwambia juu ya makasi ya chanuo. Alifika kituo cha chai wakati tunangojea lori, akayashika, akayafungua na kuyafunga, akayanusa hata, sijui alikuwa ananusa nini.

"Haiya! Nani ametengeneza hii?"

Nikamwonyesha Mama Auma. Alikuwa ameketi juu ya gunia lake, anatoa vijiti kwenye soksi.

"Mama, wewe ni injinia!"

"Mimi ni kibarua," akasema Mama Auma. "Keti, usisimame kama askari."

Njoroge akaketi kwenye nyasi na suruali yake safi. Akasema waziwazi: anataka kununua ruhusa ya kutengeneza, kwa miaka yote iliyobaki. Alitaja kiasi cha kwanza, na cha kila makasi yatakayouzwa. Sitakiandika. Kilitosha ploti ndogo na nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Mama Auma alijua kilitosha kwa sababu ploti yenyewe alikuwa ameshaichagua, ile iliyo nyuma ya kanisa lao, yenye mti wa parachichi. Alikuwa akipita hapo Jumapili anaiangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake shuleni kupitia uzio.

Akanivuta kando, kwenye ukuta wa kituo.

"Katibu, huyu mtu amekuja na miguu yake. Tumpe."

"Tungoje kidogo," nikasema.

"Tungoje nini?"

"Tugawanye kwanza. Springi itahesabiwa upya, miaka ishirini mipya. Atanunua kitu kichanga, bei itakuwa nyingine kabisa. Sasa hivi unamuuzia kichaka kilichochoka."

Aliniangalia. Mama Auma ana macho ya kupima, anakuangalia kama karani wa kituo anavyoangalia gunia.

"Umeuliza huko Nairobi?"

Na hapa, msomaji wangu, ndipo ningesema hapana. Hapana ni neno fupi! Simu nilikuwa nayo mfukoni, na namba ya ofisi ilikuwa juu ya kila barua. Ningesema, "Sijauliza, kesho nitapiga." Dunia ingepasuka?

"Nimeuliza," nikasema.

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema hivyo."

"Basi wewe ndiye unajua," akasema. Akarudi kwa Njoroge akamwambia tungoje. Njoroge akainuka, akapangusa nyasi kwenye suruali. "Sawa mama. Mimi sina haraka. Mkiwa tayari, Kedowa si mbali."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Mwanzoni niliandika hapa kwamba ni kutojua. Nikafuta. Kutojua kungenifanya niseme sijui. Halafu nikaandika kwamba ni kiburi, niliona aibu kuonekana katibu asiyejua. Hiyo ni karibu na ukweli. Lakini kuna kitu kingine, na hiki sina hakika nacho, naogopa kujisingizia na naogopa kujitetea. Kila barua ilipokuja, Mama Auma alikuja kwangu. Tulikunywa chai, nikamsomea, akanisikiliza kama mtu anayesikiliza daktari. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akinisikiliza hivyo, hata mume wangu. Njoroge angelipa, barua zingeisha. Je, nilitaka ziishe? Sijui. Mungu anajua, na sijamuuliza pia.

Basi nikaanza kuchelewesha. Ofisi ikiandika, naomba nipewe muda. Muda ukiisha, najibu nusu. Mwaka mmoja mume wangu aliugua kweli. Halafu korona ikaja, mambo yakasimama. Niwe mkweli: miaka mingine ilikuwa ya foleni ya ofisi, mingine ya korona, na iliyobaki, ambayo ni mingi, ni yangu. Nilikuwa nangoja kichaka kikomae ndipo nikikate! Mama Auma akiuliza, namwambia, "Kadiri tunavyochelewa kugawanya, ndivyo mwisho unavyosonga mbele." Anaitikia kwa kichwa. Anaenda kuchuma.

Mwishowe, mlango ukiwa karibu kufungwa, nikagawanya. Cheti cha chanuo kikaja. Cheti cha springi nacho kikafuata kwa wakati wake. Tulichinja kuku! Nikasimama mbele ya kikundi nikaeleza vile tumepogoa. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Katibu wetu angekuwa waziri."

Na bado sijamaliza. Kwa sababu nilikuwa nimeamini kisiki changu, nilimwambia Mama Auma tusilipe tena ada ya mwaka ya chanuo. "Hilo ni tawi la zamani," nikamwambia. "Liache life, nguvu iende kwa chipukizi." Akaniuliza tena, "Umeuliza?" Nikamwambia ndiyo. Mara ya pili ilitoka rahisi kuliko ya kwanza. Ilitoka kama salamu.

Tukaenda Kedowa, sisi wawili, tumevaa nguo za kanisa. Njoroge alikuwa amenenepa na nywele zimeingia mvi, lakini alitukumbuka. Akatuletea viti, akaagiza chai na mandazi. Vijana wake walikuwa wanapiga chuma, akawaambia wanyamaze.

"Sasa mama injinia, tumefika?"

"Tumefika," akasema Mama Auma. Alikuwa anatabasamu na meno yote. Ile ploti nyuma ya kanisa ilikuwa bado haijauzwa, alikuwa ameulizia wiki hiyo.

Njoroge akaangalia vyeti. Akasoma taratibu na kidole. Nikaona kidole kimesimama mahali.

"Katibu, hii springi inaisha lini?"

"Ina miaka ishirini tangu tulipogawanya," nikasema. Niliongea kwa sauti kubwa, hata wale vijana wasikie.

"Mimi naona tarehe ingine hapa. Wacha tuhakikishe, ama? Sio kwamba nakataa maneno yako." Akachukua simu yake akapigia ofisi, akaiweka juu ya meza, sauti wazi.

Ilichukua muda mfupi kuliko mandazi kupoa. Mwanamke wa Nairobi alikuwa mpole. Aliuliza namba, akatafuta, akasema, "Ndiyo, nimeiona. Hili ni ombi lililogawanywa kutoka kwa lingine."

"Linaisha lini, madam?" akauliza Njoroge.

"Linaisha pamoja na lile la kwanza. Ombi lililogawanywa hubeba tarehe ya mzazi wake. Miaka ishirini inahesabiwa kutoka siku ombi la kwanza lilipopokelewa hapa. Haihesabiwi siku mlipogawanya, wala siku ya cheti. Hii yenu imebakisha mwaka mmoja na miezi kidogo."

Nikarudisha andazi langu kwenye sahani.

Mama Auma akasogeza mdomo karibu na simu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Madam, chamgei, habari yako. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa juzi ana umri wa mama yake?"

"Kwenye hataza ndiyo, mama. Siku hizo mlizokaa mkingojea, saa ilikuwa inatembea."

"Na hii ya chanuo?"

Tukasikia vidole vikibonyeza. "Hiyo ilishakufa, mama. Ada ya mwaka haikulipwa, na muda wa kuiokoa umepita. Chanuo sasa ni la kila mtu."

"Yawa," akasema Mama Auma, vile watu wa kwao husema wakiumia. Kidogo tu. Halafu, "Madam, nikuulize la mwisho. Kama mtu angekupigia simu miaka ile akuulize, ungemwambia hivi?"

"Mimi ama mwingine hapa, ndiyo. Hii tunaulizwa kila siku. Hatutozi mtu kitu kwa kuuliza."

Hatutozi kitu!

Simu ikakatwa. Mama Auma akanigeukia. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga na kikombe.

"Katibu. Si ulisema uliuliza?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema nilimuuliza mtu mwingine, nilitaka kusema sheria imebadilika, uongo ulikuwa umepanga foleni kwenye ulimi, kila mmoja anataka kutoka kwanza. Hakuna uliotoka. Ndipo akajua.

Alichukua mkoba wake. Alimaliza chai yake kwanza, alisema chai ya mtu haimwagwi. Njoroge alikuwa anaangalia meza.

Lazima niseme ukweli juu ya Njoroge, kwa sababu kijijini wanasema ni mwizi, na si mwizi. Alisema, "Mama, nakuheshimu. Lakini siwezi kununua ng'ombe ambaye daktari amesema atakufa mwakani. Kutengeneza mashine ya kupiga hizi springi peke yake kutanimalizia huo mwaka. Nitangoja. Kungoja hakuna ada." Kisha akasema, na hii ndiyo iliyonichoma, "Ile siku ya kituo, ulikuwa na miaka kumi na zaidi mkononi. Ningelipa yote."

Angeweza kuanza kutengeneza kwa siri siku hiyo. Hakufanya hivyo. Alingoja kweli, kama alivyosema, mpaka siku ya mwisho ipite.

Tulirudi na matatu. Mama Auma alishuka kwanza. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Wacha nifike nyumbani kwanza." Halafu akacheka, kicheko kibaya. "Nyumbani," akarudia.

Ile ploti ilinunuliwa na mwalimu. Mti wa parachichi aliukata.

Leo makasi ya chanuo na springi yananing'inia kwenye kila duka la agrovet, la dawa na vifaa vya shamba, kutoka kwetu mpaka Silibwet. Yamepakwa rangi nyekundu, na jina la karakana. Ni mazuri, nisidanganye, ni mazuri kuliko yale yetu ya spoki. Karani wa kituo haoni tena jani la ng'ombe. Njoroge alimtumia Mama Auma moja la bure, na heshima zote. Mama Auma akalirudisha. "Mwambie asante. Zawadi ni ya mgeni, na mimi si mgeni wa hiki kitu."

Halafu yale yake ya zamani yakavunjika, na yeye bado anachuma kibarua, kwa mikono hiyo hiyo iliyochoka. Nilikuwa naye agrovet siku aliyonunua mengine. Muuzaji ni mgeni hapa, mchangamfu, hana kosa. Akayatoa kwenye msumari, akamwonyesha.

"Shosho, angalia vizuri. Hili chanuo linalaza jani gumu, unaona? Na hii springi inakusaidia mkono usiume. Usisukume kwa nguvu, polepole tu."

Mama Auma alimsikiliza mpaka mwisho. Aliitikia kwa kichwa kila mahali pa kuitikia.

"Asante, mwanangu," akasema. "Aliyetengeneza hii alikuwa na akili."

"Sana, shosho! Hawa ni watu wa ng'ambo."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya duka kwenye magunia ya mbolea nikalia kama mtoto.

Nilimpa kona ya shamba langu ajenge. Mume wangu alikubali, ndugu zake pia, baada ya maneno mengi. Mama Auma ndiye alikataa. Alisema, "Nikijenga kwako, mlango utakuwa na wewe ndani yake." Sikumlazimisha. Bado anakuja kwangu kuchuma, bado tunakunywa chai. Watu wanashangaa. Mimi mwenyewe nashangaa. Sijui kama amenisamehe ama amechoka tu, na kumuuliza naogopa. Ona, hata hapo!

Kwa hivyo nakuambia wewe unayesoma, uwe wa chai, wa ng'ombe, wa karakana, wewe ambaye watu wanakuletea barua zao uwasomee kwa sababu ulikaa darasani kidogo kuwashinda. Usihesabu mambo ya ofisi kwa hesabu ya shambani kwako. Kuna vitu vikikatwa vinaanza upya, na kuna vitu hata uvikate mara ngapi vinakufa na mama yao. Hutajua ni kipi mpaka uulize. Na kama hujauliza, sema hujauliza! Aibu yake inaisha jioni hiyo hiyo. Yangu haijaisha.

Mwezi uliopita Mama Auma alihama tena. Mwenye chumba alitaka kumwekea mwanawe. Nilimsaidia kubeba kitanda, yeye upande wa kichwa, mimi wa miguu, na makasi mekundu yamelala juu ya godoro. Tulipokiweka chini kwenye chumba kipya alisimama mlangoni, akaujaribu, akaufungua na kuufunga, kisha akaniuliza:

"Katibu, kodi ya hapa inahesabiwa kutoka siku nimelipa ama siku nimeingia?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa hapo kabisa, limevaa viatu. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema. "Twende tukamuulize mwenye nyumba."

Aliniangalia na yale macho ya kupima gunia. Aliniangalia sana.

"Miaka ishirini," akasema, "ndio umejifunza hilo neno."

Tukaenda, tukauliza. Mwenye nyumba alijibu mara moja, hakututoza kitu. Nyinyi msingoje miaka ishirini.